Kliniki ya Meno Kibiti Isisombwe na Maji

Mkazi wa delta ya Rufiji anayeumwa jino hana njia fupi ya kumfikia daktari. Akiwa Salale, Mfisini au Kiongoroni, sharti angoje maji yajae ndipo chombo kipite, afike Nyamisati, kisha ashike barabara hadi Kibiti. Huduma anayoihitaji isipopatikana hapo, safari huendelea hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 140 kutoka Kibiti mjini. Huyo ni mtu ambaye huenda hajalala kwa siku tatu, na nauli anayoitoa ni fedha ya kamba aliowavua au ya mpunga aliouvuna.

Wako wanaodhani kwamba jino ni jambo dogo. Fikra hiyo si sahihi. Usaha unaoanzia katika mzizi wa jino la chini ukiachwa bila tiba huweza kuenea chini ya ulimi na kushuka shingoni, ukavimbisha koo na kuziba njia ya pumzi. Mgonjwa aliyefikia hapo anaweza kufa kwa siku chache, ilhali kilichohitajika mwanzoni kilikuwa koleo, sindano ya ganzi na mkono uliofunzwa. Kliniki ya meno katika mji wa Kibiti, basi, si anasa ya wenye mishahara. Ni kituo cha kuokoa maisha, hasa kwa wananchi wa visiwani na wa kando ya mto.

Kwa sababu hiyo, kila daktari au tabibu wa meno anayeamua kuacha ushindani wa Dar es Salaam na kufungua kliniki yake Kibiti, Bungu au Ikwiriri anastahili pongezi. Lakini pongezi peke yake hazitamsaidia. Kliniki ndogo inaweza kufa ikiwa na wagonjwa tele na daktari hodari. Huuawa na deni la kodi ambalo mwenyewe hakulitazamia, au na mashine iliyoungua bila bima, au na masika moja tu yaliyokata barabara kwa wiki kadhaa. Mambo hayo matatu, yaani kodi, bima na maandalizi dhidi ya maafa, hayana budi kukamilishwa kabla kiti cha mgonjwa hakijafungwa sakafuni. Kuyaahirisha mpaka biashara ichanganye ni kuyaahirisha mpaka yawe hasara.

Mzigo uliohama

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linawaelemea wataalamu wetu, hatuna budi kutazama tulikotoka. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kuendesha tiba kwa ajili ya faida. Huduma ilibaki mikononi mwa Serikali, mashirika ya dini na vyombo vingine vilivyoidhinishwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili. Wataalamu wa kwanza, kwa hiyo, walifunzwa kwa ajili ya kuutumikia umma katika hospitali za umma. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1991 ndiyo yaliyofungua tena mlango wa kliniki za watu binafsi.

Bima nayo ilipita njia kama hiyo. Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963, lilikabidhiwa shughuli zote za bima nchini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na lilibaki peke yake mpaka sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu makampuni mengine. Mwaka huo huo wa 1996 Mamlaka ya Mapato ilianza kazi.

Maana ya historia hiyo kwa daktari wa leo ni hii. Zamani paa la zahanati likiezuliwa na upepo, lilikuwa paa la Serikali. Mashine ikiharibika, ilikuwa mali ya Wizara. Hakuna daktari aliyeulizwa makadirio ya kodi ya faida, kwa kuwa faida haikuwapo. Sasa mzigo wote huo umehamia mabegani mwa mtu mmoja, naye amehitimu akijua idadi ya mizizi ya gego bila kujua tarehe ya kulipa awamu ya kwanza ya kodi. Mtaala ulibaki ulipokuwa, wakati kazi yenyewe imebadilika.

Kodi

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo inayokuja mapema. Mwenye kliniki huhitaji namba ya mlipa kodi, leseni, usajili wa kitaaluma wa Baraza la Madaktari Tanganyika, usajili wa kituo chenyewe na, akiwa na mashine ya eksrei, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Hayo hujulikana. Yasiyojulikana ni yale yanayofuata.

Watu wengi, wakiwamo watumishi wenye elimu nzuri, hudhani kwamba kila biashara ya mtu binafsi yenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hulipa kodi kwa kiwango rahisi kinachotokana na mauzo. Kwa mwenye duka ni sawa. Kwa daktari wa meno si sawa. Tangu marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, watoao huduma za kitaaluma wameondolewa katika utaratibu huo. Daktari hulipa kodi kwa faida halisi, na faida halisi haijulikani pasipo vitabu vya hesabu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kliniki imepata shilingi milioni 60 kwa mwaka, na gharama zake halali, yaani pango, mishahara, dawa ya ganzi, vifaa, umeme na bima, ni milioni 42. Faida ni milioni 18. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vya Tanzania Bara, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi kitu. 3,000,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8. Kisha 2,880,000 hutozwa asilimia 20. 2,880,000 nyingine asilimia 25. Na zote zinazovuka milioni 12 hutozwa asilimia 30. Jumla ya kodi ni shilingi 3,336,000, nayo hulipwa kwa awamu nne za shilingi 834,000, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Asiye na risiti za ile milioni 42 hana namna ya kuithibitisha, na hujikuta akidaiwa kwa makadirio ya afisa badala ya hesabu zake mwenyewe.

Hapa tuna neno kwa watumishi wa umma wenye taaluma ya meno wanaofikiria kliniki ya jioni. Mapato ya mshahara na ya biashara hujumlishwa. Mshahara umekwisha kutumia viwango vya chini, hivyo faida ya kliniki huangukia viwango vya juu, na kwa mwenye mshahara unaozidi shilingi milioni moja kwa mwezi kila shilingi ya faida hiyo hutozwa asilimia 30. Ni vema mtu aijue hesabu hiyo kabla ya kukopa.

Yako na madogo yanayouma kama siafu. Mpangaji wa jengo la biashara hana budi kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha serikalini. Asipoikata, yeye ndiye atakayedaiwa. Akiajiri muuguzi na mhudumu, atakata kodi ya mishahara yao, atachangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na atapeleka asilimia 0.5 ya mishahara katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Halmashauri nayo ina ushuru wake wa huduma. Kwa upande mwingine, mwajiri mwenye watu wasiofika 10 hadaiwi tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na tiba ya meno imesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Lakini msamaha huo una upande wa pili. Kliniki iliyosamehewa haimtozi mgonjwa kodi hiyo, wala hairudishiwi ile iliyoilipa yenyewe katika manunuzi yake. Mwenye hesabu makini huiweka katika gharama tangu mwanzo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuichanganye kodi na mafuriko katika makala moja. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mlipa kodi kurekebisha makadirio yake katikati ya mwaka hali ikibadilika. Turudi kwenye mfano wetu. Daktari amelipa shilingi 834,000 mwezi Machi. Aprili maji yanafurika, Mei barabara inakatika, wagonjwa hawaji, naye anaona kwamba faida ya mwaka itakuwa milioni 11 badala ya 18. Kodi ya milioni 11 ni shilingi 1,286,000. Akiondoa alizolipa hubaki 452,000, ambazo zikigawanywa kwa awamu tatu zilizosalia ni kama shilingi 151,000 kila awamu. Mwezi Juni, basi, anatakiwa kulipa 151,000 badala ya 834,000. Tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 680,000 ni mshahara wa muuguzi, ni mafuta ya jenereta, ni kliniki kubaki wazi.

Haki hiyo haimfikii asiyeiomba, wala haimfai asiye na vitabu. Aidha isigeuzwe kuwa hila: anayeshusha makadirio chini mno ya hali halisi hutozwa riba. Lakini kwa mkweli mwenye kumbukumbu, hiyo ni nafuu ambayo tayari imo ndani ya sheria, nayo haihitaji kumpigia mtu magoti.

Bima

Katika bima, kosa la kwanza ni kukata bima ya moto na kuamini kwamba mali imekingwa dhidi ya kila balaa. Mkataba wa moto hukinga moto. Mafuriko na dhoruba huweza kuongezwa kwa ada ya ziada, na mahali kama bonde la Rufiji kampuni huuliza maswali kabla ya kukubali. Mwenye kliniki asome mkataba wake mstari kwa mstari, na palipo na neno mafuriko aone kama limewekwa ndani au limetolewa nje. Asingoje masika yaanze kunyesha, kwa maana hakuna kampuni inayouza mwavuli kwa mtu aliyekwisha lowa.

Kosa la pili ni kupunguza thamani ya mali ili kupunguza ada. Mtu ana kiti, kompresa ya hewa, mashine ya eksrei na mtungi wa kutakasia vyombo kwa mvuke, vyote vikiwa na thamani ya shilingi milioni 40, lakini anaviandikisha kwa milioni 20. Vikiharibika vya milioni 10, hutazamia kulipwa milioni 10. Kanuni ya uwiano hufanya kazi tofauti: aliyekinga nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara, yaani milioni 5. Nusu nyingine ataitafuta mwenyewe.

Kosa la tatu ni kuyasahau madhara yanayoweza kumpata mgonjwa. Ganzi inaweza kumdhuru mtu, taya laweza kuvunjika jino linapong'olewa. Bima ya dhima ya kitaaluma humlinda daktari, na humhakikishia mgonjwa kwamba fidia ipo. Katika mji mdogo ambao watu wote wanafahamiana, shauri moja lisilo na fidia hutosha kuifunga kliniki.

Hata hivyo, bima ina ukomo, na ukomo huo wapaswa kujulikana mapema. Kibiti mjini hapako bondeni, na kliniki iliyo kando ya barabara kuu inaweza kumaliza masika yote bila tone la maji mlangoni. Hasara yake ni nyingine: wagonjwa wa delta hawavuki, wa kusini hawapiti, umeme hukatika na dawa hazifiki. Mkataba wa kawaida wa kufidia mapato yaliyopotea hulipa pale tu mali iliyokatiwa bima inapokuwa imeharibika. Kiti kikiwa kizima na ukuta ukiwa mkavu, hakuna fidia, hata kama chumba cha kungojea kimekaa kitupu mwezi mzima. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Bima ina nafasi yake, lakini haiwezi kukaa mahali pa akiba. Kliniki ya Kibiti inahitaji akiba ya fedha taslimu inayoweza kulipa mishahara na pango kwa miezi miwili au mitatu, nayo iwekwe kidogo kidogo katika miezi ya kiangazi.

Iko pia bima ya upande wa mgonjwa. Watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wetu wakubwa, ni wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kadi zao ni nguzo ya mapato ya vituo vingi. Tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya. Nani alikuwa na haki si shabaha ya makala hii. Funzo ni kwamba kituo kidogo kinachotegemea mlipaji mmoja hutikisika mlipaji huyo anapotikisika. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuwaingiza wananchi wote katika bima, kliniki iwe tayari kuyapokea madai hayo, lakini ijue pia kuishi siku ambazo malipo yamechelewa.

Maafa

Mafuriko si mgeni Rufiji. Wenyeji wa bonde hilo waliyaishi kwa karne nyingi. Walilima mashamba ya mlau katika udongo ulioachwa na maji, na walijenga madungu, yaani vibanda vya juu ya miti mirefu, ambamo walilinda mazao na kukaa maji yalipopanda. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamishia watu wengi katika vijiji vya nyanda za juu, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Maji yalirudi mwaka 1974, yakarudi wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, yakarudi 2020.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa. Mwezi Aprili nyumba, shule na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti vilifunikwa na maji, na wananchi wa Muhoro na vijiji vingine walihamishwa. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuwaathiri zaidi ya 200,000. Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa likifungulia maji wakati mto umejaa. Wapo wakazi walioliona bwawa kuwa ndilo chanzo, na wahusika wakaeleza kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Kabla watu hawajatulia, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kiliingia pwani karibu na Mafia, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili.

Katika hali hiyo mgonjwa wa jino hawekwi katika orodha ya wahanga. Anaonekana wa kungoja. Lakini usaha haungoji, na kituo kilicho Kibiti huwa ndicho pekee kilichobaki upande huu wa maji.

Maandalizi ya kliniki si mambo ya gharama kubwa, ni mambo ya utaratibu. Kompresa, ambayo mafundi hupenda kuiweka sakafuni nyuma ya jengo, iinuliwe juu ya jukwaa la saruji. Ni busara ile ile ya dungu. Tangi la maji lijazwe mapema, kwa kuwa maji ya mto na ya visima yakichafuka hakuna kuosha wala kutakasa chombo. Mafuta ya jenereta, dawa ya ganzi, dawa za kuua vijidudu na vifaa vya kung'olea viwekwe vya kutosha wiki sita kuanzia mwanzoni mwa Machi, tarehe za mwisho za matumizi zikikaguliwa. Nakala za leseni, mikataba ya bima, orodha ya mali na kumbukumbu za wagonjwa zitunzwe mahali pengine nje ya jengo.

La taka tunalitaja kwa mkazo. Sindano zilizotumika na mabaki ya zebaki ya kuzibia meno yakizolewa na maji huishia mitoni. Delta hii ina mikoko ipatayo hekta 53,000, msitu mkubwa wa mikoko usio na mfano Afrika Mashariki, na ni sehemu ya eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotambuliwa kimataifa mwaka 2004. Ndipo kamba wetu wanapozaliana. Taka za kliniki ziteketezwe au ziondolewe kabla ya masika. Ikifika Aprili shimo lisiwe na kitu.

Mwisho, kliniki iwe na mpango wa kuwafuata wagonjwa. Sanduku moja la vifaa vilivyotakaswa, mtaalamu mmoja na nafasi katika mashua ya wauguzi wa chanjo hutosha kung'oa meno yaliyooza Nyamisati au Mbwera.

Daftari moja

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika yote hayo tumerudi mara kwa mara kwenye jambo moja, nalo ni kumbukumbu. Orodha ya mali yenye tarehe na bei ya ununuzi ndiyo inayomwonyesha afisa wa kodi uchakavu wa mashine, ndiyo inayomthibitishia mwenye bima thamani ya hasara, na ndiyo inayomwambia daktari nini kiokolewe kwanza maji yakija. Daftari la mapato ya kila siku ndilo linaloonyesha kushuka kwa wagonjwa mwezi Aprili, likatetea makadirio mapya ya kodi. Sheria hutaka kumbukumbu hizo zitunzwe miaka mitano. Mwenye kliniki asizione kuwa adhabu. Daftari moja linafanya kazi tatu.

Wajibu wa wengine

Haitakuwa haki kumtwisha daktari peke yake. Serikali na vyombo vyake vina sehemu yao.

Kwanza, Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na halmashauri za Kibiti na Rufiji ziweke siku moja kila mwaka, kabla ya mwezi Machi, ya kuwafundisha kwa pamoja wenye vituo vya afya. Nafuu ya kurekebisha makadirio ya kodi itangazwe kwa sauti mafuriko yanapotokea, kama inavyotangazwa tarehe ya kulipa.

Pili, makampuni ya bima yabuni mkataba unaolingana na hali ya delta, unaolipa kwa kipimo cha kina cha mto au cha mvua bila kungoja ukuta uanguke. Bima za mazao za namna hiyo zimekwisha jaribiwa katika nchi yetu. Wizara ya Fedha nayo itafakari kama ni sawa ada ya bima ya kliniki kubeba Kodi ya Ongezeko la Thamani ambayo kliniki hiyo haiwezi kurudishiwa.

Tatu, kamati za usimamizi wa maafa zilizowekwa na sheria ya mwaka 2022, kuanzia mkoa hadi kijiji, zivihesabu vituo binafsi kuwa sehemu ya nguvu ya wilaya. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na za kufunguliwa maji ya bwawa ziwafikie kwa wakati. Halmashauri iingie nao mapatano mapema, ili mafuriko yakitokea wahudumie wahanga na kulipwa kwa bei iliyokubaliwa.

Nne, Muhimbili na vyuo vinavyofunza matabibu wa meno viingize somo la hesabu za biashara, kodi na bima. Saa 20 za darasani zingetosha kuziokoa kliniki nyingi.

Nao watumishi na walimu wana lao. Afisa aliyepewa faili la mwombaji wa leseni asilikalie, maana kila mwezi anaolikalia ni mwezi wa pango linalolipwa na kliniki isiyofanya kazi. Mgonjwa aliyetibiwa adai risiti. Mwalimu aliyeko Kibiti au Ikwiriri, ambaye wanafunzi wake hukosa masomo kwa maumivu ya meno, aiite kliniki shuleni kabla ya masika, wakati barabara inapitika na mtoto bado ana jino la kuzibwa na si la kung'olewa.

Rufiji itafurika tena; hilo halina mjadala. Litakaloamuliwa na binadamu ni kama asubuhi ya siku ile mlango wa kliniki utafunguliwa, na kama mwananchi aliyevuka kutoka Salale akishika shavu atamkuta mtu ndani. Wataalamu wetu waanze na daftari leo, na Serikali iwafungulie njia.